Kwa Nini Hukumeza Dawa?

Siku ya kwanza tulipompeleka Baba kusafishwa damu, nesi alikuwa na fomu ya kurasa mbili na kalamu iliyokuwa ikikataa kuandika. Aliuliza maswali bila kuinua macho. Umekuwa na presha kwa muda gani? Miaka kumi na saba. Una kisukari? Hapana. Unavuta sigara? Niliacha. Uliacha lini? Kimya. Unakunywa? Kidogo. Kidogo ni ngapi? Kimya tena. Kuna mtu katika familia aliyekuwa na shida ya figo? Baba akanigeukia, kana kwamba mimi ndiye nilipaswa kujua. Halafu swali la mwisho: dawa za presha umekuwa ukimeza kila siku?

"Si kila siku," Baba akasema.

"Kwa nini?"

Hakujibu. Nesi akaandika kitu, akafunga fomu, akatuelekeza kwenye mizani. Na mimi, nikiwa nimebeba koti la Baba mkononi, nilihisi jambo ambalo limenichukua karibu miaka miwili kulikubali: nilifurahi kwamba ameulizwa. Nilikuwa na swali hilo hilo moyoni kwa wiki nzima, ila mimi sikuwa nalo kama swali. Nilikuwa nalo kama kofi.

Yale mambo ya kwenye fomu yana jina lake. Huitwa vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza uwezekano kwamba mtu mwenye presha atafika kwenye ile mashine: umri, sigara, uzito, chumvi nyingi, kisukari, dawa za maumivu zinazomezwa ovyo, damu ya ukoo, na juu ya yote, presha iliyoachwa juu miaka nenda miaka rudi. Kwa daktari hiyo ni hesabu ya uwezekano. Kwa jamaa wa mgonjwa ni karatasi ya mashtaka. Tulirudi nyumbani nayo vichwani na kila mmoja akaanza kuisoma kivyake. Mama alisoma sigara. Shangazi alisoma pombe. Mimi nilisoma dawa.

Kabla sijaendelea na hasira yangu, acha nieleze kinachotokea ndani, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipolazimika kujua. Kila figo ina vichujio vidogo sana vinavyoitwa nefroni, takriban milioni moja. Kwa siku moja figo mbili huchuja karibu lita 180 za maji kutoka kwenye damu, zikarudisha karibu yote, zikaacha lita moja au mbili iwe mkojo. Kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba ajabu. Presha ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hukakamaa na vichujio hufa kimoja baada ya kingine. Vinavyobaki hubeba kazi ya wenzao, navyo huchoka. Figo zikichoka hushindwa kutoa chumvi na maji, na zinachochea homoni zinazopandisha presha zaidi. Kwa hivyo presha inaua figo, na figo zinazokufa zinapandisha presha. Na haya yote hayaumi. Unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zako na bado ukapanda ngazi za ofisi ukipiga simu. Miguu ikija kuvimba na chakula kuanza kuwa na ladha ya chuma mdomoni, mara nyingi kilichobaki ni kidogo sana.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Baba hakuwa mmoja wa hao. Yeye alipimwa, akaambiwa, akapewa dawa. Ndiyo maana nilimkasirikia. Wale wengine hawakujua. Yeye alijua.

Hasira yangu ilikuwa na ratiba: Jumanne na Ijumaa. Saa kumi na moja asubuhi tunatoka Zimmerman, matatu hadi tauni, nyingine hadi hospitali. Anapimwa uzito, analala, sindano mbili nene zinaingia kwenye ule mshipa uliounganishwa mkononi mwake, ambao ukiuwekea kidole unahisi unanguruma kama friji. Saa nne. Anapimwa tena: kilo mbili na nusu za maji zimetoka. Bima inalipa sehemu kubwa, lakini nauli, sindano za kuongeza damu na zile siku ninazoomba ruhusa kazini ni zetu. Nyumbani sukuma inachemshwa, maji yanamwagwa, inachemshwa tena kupunguza potasiamu, mpaka inakuwa kama karatasi iliyonyeshewa. Maji ya kunywa yanapimwa kwa kikombe. Na kila mara nilipokuwa nikimwaga yale maji ya sukuma nilijiambia: tembe moja kwa siku. Ni tembe tu.

Hapo ndipo niliposoma kuhusu Seattle.

Mwaka 1960, katika mji huo wa Marekani, daktari Belding Scribner alibuni mrija wa kuachwa mkononi mwa mgonjwa ili aweze kuunganishwa na mashine tena na tena. Kabla ya hapo mashine zilikuwepo, lakini mishipa ilikuwa inaharibika haraka, kwa hivyo zilimfaa mtu ambaye figo zake zingepona baada ya siku chache. Sasa ghafla mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa angeweza kuishi miaka. Shida ikawa nafasi. Kituo kilichofunguliwa 1962 kilikuwa na vitanda vichache mno, na wenye kuhitaji walikuwa wengi. Basi ikaundwa kamati ya watu saba, majina yao yakafichwa: mwanasheria, mchungaji, mfanyakazi wa benki, mama wa nyumbani na wengineo. Kazi yao ilikuwa kuamua nani apate. Mwandishi Shana Alexander alipoandika habari zao katika jarida la Life mwaka huo huo, watu walishtuka kusoma wanachoangalia: umeoa? una watoto wangapi? una kazi gani? unaenda kanisani? Miaka kumi baadaye, 1972, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya serikali kulipia matibabu hayo kwa karibu kila anayeyahitaji, na kamati za aina hiyo zikakosa kazi.

Nilisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha Baba, nikatikisa kichwa kuwahurumia wale waliokataliwa. Kisha nikainua macho. Chumbani mlikuwa na wagonjwa wanane, na mimi, bila kuombwa na mtu, nilikuwa nimeshawapanga. Yule binti wa chuo, ambaye figo zake ziliharibiwa na ugonjwa wa kinga ya mwili, nilimhurumia kabisa. Yule mama wa kisukari, nusu. Yule jamaa mwenye macho mekundu ambaye hunuka sigara hata baada ya kuoga, hapana. Na Baba? Kwenye orodha yangu Baba alikuwa karibu na mwisho. Kamati ya Seattle angalau ilikuwa na sababu, vitanda vilikuwa vichache. Mimi nilikuwa nahukumu bure.

Ilikuwa Ijumaa moja, mwaka wa pili, mashine ikiwa imebakisha kama saa moja, ndipo Baba alipojibu lile swali la nesi. Hakuna aliyemuuliza tena. Alikuwa anatazama runinga isiyo na sauti.

"Mama," akasema. Ananiita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Unakumbuka ile tembe nyeupe ndogo? Ile ya kukojoa?"

Nilikumbuka. Dawa mojawapo ya presha aliyopewa hufanya kazi kwa kutoa chumvi na maji mwilini kupitia mkojo.

Baba aliendesha lori miaka ishirini na sita, Mombasa hadi Kampala. Alinieleza polepole, kama mtu anayempa mgeni maelekezo ya njia. Ukiimeza asubuhi, kufika saa nne umeshashuka mara tano. Uko na mzigo wa mtu. Kwenye mizani ya Mlolongo ukitoka kwenye foleni, foleni imekupita. Malaba unaweza kukaa siku tatu na usione choo ambacho binadamu anaweza kuingia. Ukishuka usiku Salgaa, ukirudi tenki ya dizeli imenyonywa, na dizeli inakatwa kwa mshahara wako. Ukisimama mahali pasipojulikana, simu inalia: dereva, mbona gari limesimama?

"Siku moja karibu na Mtito nilijikojolea," akasema. "Mtu mzima. Utingo alikuwa hapo kando yangu. Hakusema kitu. Akafungua dirisha tu."

Tangu siku hiyo akawa anameza akiwa nyumbani. Nyumbani ilikuwa siku nne kwa mwezi.

"Na daktari hukumwambia?"

"Aliniuliza kwa nini simezi." Akanyamaza kidogo. "Lakini hakuuliza akitaka kujua."

Na hayo hayakuwa yote. Kiti cha lori kilimvunja mgongo, na kwa mgongo kulikuwa na tembe nyingine. Diclofenac na ndugu zake hupunguza damu inayoingia kwenye figo na huweza kupandisha presha. Mtu mwenye presha akizila kama njugu anabomoa nyumba kutoka pande mbili. Baba alizila kama njugu. Na unajua nani alikuwa akizinunua? Nikiwa na miaka kumi nilikuwa nikitumwa kwa kemisti na noti ya mia. "Niletee zile za mgongo." Hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi ya daktari. Nilipenda kutumwa kwa sababu chenji ilikuwa yangu.

Nikajiona mjinga, kisha nikajiona mwenye huruma, na huo wa pili ulikuwa ujinga mkubwa zaidi. Maana nilimshika Baba ule mkono usio na sindano nikamwambia, kwa sauti ile ya watu waliosoma, "Baba, haya yote si makosa yako. Ni kazi. Ni kampuni. Ni barabara. Wewe hukuwa na lingine la kufanya."

Nilidhani atashukuru. Aliutoa mkono wake.

"Mimi si gunia la saruji, ati nilipakiwa nikapelekwa. Nilijua dawa ni ya kumeza. Nikapima, nikaona karo yako na ya ndugu yako, nikaona aibu yangu pia, nikaamua. Nilikosea, sawa. Lakini niliamua mimi."

Nimelifikiria hilo jibu kuliko kitabu chochote nilichowahi kusoma. Mwaka 1962, mwaka ule ule wa kamati ya Seattle, mwanafalsafa Mwingereza P. F. Strawson alitoa mhadhara kuhusu uhuru na kinyongo. Hoja yake mojawapo, kwa maneno yangu, ni hii: kumkasirikia mtu, kumshukuru, kumsamehe, ni njia za kumchukulia kama mwenzako. Tunapoamua kwamba mtu hastahili hata hasira yetu, mara nyingi tumeanza kumwona kama kitu cha kushughulikiwa tu, kama mashine iliyoharibika. Baba hajawahi kusikia jina la Strawson. Lakini nilipomwondolea lawama yote aliona kwamba nimemwondolea na usukani pia.

Basi tufanyeje? Nikimlaumu nakuwa hakimu asiyejua kesi. Nisipomlaumu namfanya gunia. Nilikaa na fundo hilo miezi, na lililolifungua, au angalau kulilegeza, ni kifaa cha kupimia presha kilichofungwa mkononi mwangu mwenyewe.

Nilikuwa nimejitolea kumpa Baba figo. Nikisema ukweli, uamuzi huo ulianza zamani, enzi za hasira: nilitaka kulipa deni lote mara moja tuache kudaiana. Vipimo vya damu vilienda vizuri. Halafu wakapima presha. 152 juu, 98 chini. Wakanipumzisha, wakapima tena. Wakanifunga kile kifaa cha saa ishirini na nne kinachokubana mkono hata usiku ukiwa usingizini. Wiki iliyofuata daktari akaniambia kwa upole kwamba figo zangu nitazihitaji mwenyewe. Nina miaka thelathini na moja.

Sasa sikiliza sehemu ninayoionea haya. Hiyo haikuwa mara ya kwanza kuona namba mbaya. Mwaka mmoja kabla, kwenye kemisti karibu na Odeon, nilipimwa kwa shilingi 50 nikaambiwa 146. Nikasema ni kahawa. Nikasema ni jam, ni zile ngazi, ni stima iliyopotea usiku sikulala. Nikakunja karatasi nikaiweka kwenye pochi na sikurudi. Jumamosi hiyo hiyo nilikuwa kwenye nyama choma na marafiki, nikichovya kila kipande kwenye kile kilima cha chumvi pembeni ya ubao. Na mimi sikuwa naendesha lori. Nilikuwa na elimu, bima ya kazini, simu yenye majibu yote, na choo hatua ishirini kutoka kwenye meza yangu.

Ukianza kusaka chanzo, hutapata mahali pa kusimama. Shosho ambaye nina jina lake alikufa Murang'a miguu ikiwa imevimba, watu wakasema amechoka tu. Hakuna aliyempima. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kuhesabu nefroni za watu waliofariki katika ajali: waliokuwa na presha walikuwa na karibu nusu tu ya idadi ya wenzao. Na nefroni huacha kuongezeka karibu na wakati wa kuzaliwa. Kile unachozaliwa nacho ndicho mtaji wako wote, na watoto wanaozaliwa wadogo sana mara nyingi huanza na mtaji mdogo. Baba alizaliwa nyumbani. Hakuna anayejua alikuwa na kilo ngapi. Kuna vitu kwenye ile fomu ya nesi ambavyo viliandikwa kabla yeye hajapewa jina.

Lakini si vyote. Hilo ndilo Baba alilokuwa ananiambia. Katikati ya mtaji usiouchagua na barabara usiyoijenga, kuna kipande chako, kikubwa au kidogo. Kipande changu kilikuwa kikubwa kuliko chake, na nilikitumia vibaya kuliko yeye. Kwa hivyo sidhani tena kwamba shida yangu ilikuwa kumlaumu Baba. Shida ni kwamba nililaumu kabla ya kuuliza. "Kwa nini hukumeza dawa?" ni maneno yale yale, ukiwa hakimu au ukiwa mtu anayetaka kujua. Tofauti ni kama unangoja jibu. Kama daktari mmoja tu angengoja, katika miaka kumi na saba, angesikia habari ya Mtito na huenda angebadilisha dawa, kwa sababu dawa za presha ni za aina nyingi na si zote zinazokukimbiza chooni. Kama mimi ningengoja, ningeijua mapema hadithi ya karo yangu. Na Baba naye alikuwa na deni upande wake: kulisema lile jambo hata kama linaaibisha. Hilo alilikubali mwenyewe.

Ndugu yangu ana miaka kumi na tisa. Nilimwambia akapimwe presha, mkojo uangaliwe kama una protini, damu iangaliwe kreatinini, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kuisikia figo kabla haijanyamaza kabisa. Akacheka. "Siste, mi niko fiti." Nilitaka kumzaba. Badala yake nikamuuliza anaogopa nini. Bado hajanijibu, ila Jumanne iliyopita aliomba kunisindikiza hospitali, jambo ambalo hajawahi kufanya.

Mimi nilianzishiwa tembe moja ya njano. Haikimbizi mtu chooni. Ila baada ya wiki tatu vifundo vya miguu yangu vilianza kuvimba jioni, na kuna ruracio ya binamu yangu mwezi huu na viatu nilivyonunua. Nikaruka siku mbili. Kisha siku nne. Jumapili asubuhi Baba alikuwa mezani na kikombe chake cha maji ya kupimwa.

"Mama, umemeza?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Nikafungua kabati, nikafunga. Nikasogeza sufuria isiyohitaji kusogezwa. Hakurudia swali. Alikaa tu pale, mkono wake wenye mshipa ukiwa juu ya meza, akingoja. Basi nikamwambia: miguu, viatu, na kwamba nikijiangalia jioni naona miguu ya Shosho.

Akavuta kiti kilichokuwa kando yake ili niketi. Jumatatu nina kliniki. Nimeandika kwenye simu neno moja, nisije nikaona haya nikifika mbele ya daktari nikasema kila kitu kiko sawa: miguu.